Kupatikana kwa bingwa wa soka Tanzania Bara

Bingwa wa soka Tanzania Bara hupatikana kwa njia mbili: ligi na mtoano. Katika ligi, bingwa ni timu iliyokusanya pointi nyingi kuliko nyingine zote baada ya msimu mzima. Katika mtoano, bingwa ni timu iliyoshinda mechi zake zote, moja baada ya nyingine, hadi fainali. Mashindano yote mawili yako chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), na Ligi Kuu huendeshwa na Bodi ya Ligi.

Tofauti ya njia hizi inaonekana vizuri katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2014 ubingwa wa ligi uliamuliwa jijini Mbeya, na mwaka 2019 timu ya Iringa ilifika fainali ya kombe la mtoano.

Hesabu ya pointi

Katika ligi kila timu hucheza na kila timu nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Ligi yenye timu 14 humpa kila mshiriki mechi 26. Yenye timu 16 humpa mechi 30. Yenye timu 20 humpa mechi 38. Ushindi huleta pointi 3, sare pointi 1, na kufungwa hakuleti kitu.

Zamani ushindi ulikuwa na pointi 2 tu katika nchi nyingi. Uingereza ilianza kutoa pointi 3 mwaka 1981, na Kombe la Dunia lilifuata mwaka 1994. Lengo lilikuwa kuzifanya timu zitafute ushindi badala ya kuridhika na sare. Kwa utaratibu wa zamani, sare mbili zilikuwa sawa na ushindi mmoja. Kwa utaratibu wa sasa, timu iliyoshinda mara moja na kufungwa mara moja ina pointi 3, na iliyotoka sare mara mbili ina pointi 2.

Kwa kuwa pointi hujumlishwa, mechi zote zina uzito ule ule. Pointi 3 zilizopatikana katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, ni sawa na pointi 3 zilizopatikana Dar es Salaam. Ndiyo sababu timu ya mji mdogo inaweza kuwa bingwa. Tukuyu Stars kutoka wilaya ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda daraja.

Ubingwa kabla ya mechi ya mwisho

Timu huwa bingwa pale ambapo hakuna mpinzani anayeweza tena kuifikia, hata kama ligi haijakwisha. Ili kujua hilo, huchukuliwa pointi za timu ya pili na kuongezwa pointi zote inazoweza kupata katika mechi zilizobaki. Jumla hiyo ikiwa ndogo kuliko pointi za anayeongoza, ubingwa umeamuliwa.

Mfano ni msimu wa 2013/14, uliokuwa na timu 14. Ilipofika tarehe 13 Aprili 2014, kila timu kati ya Azam na Yanga ilikuwa imebakiza mechi mbili. Azam ilikuwa na pointi 56 na Yanga pointi 52. Siku hiyo Azam ilicheza na Mbeya City katika Uwanja wa Sokoine, na Yanga ilicheza na JKT Oljoro. Yanga ilishinda na kufikisha pointi 55. Kwa mechi moja iliyobaki, ingeweza kufikisha 58 tu.

Kwa hiyo matokeo ya Mbeya yalikuwa na maana tatu:

• Azam ikifungwa, ingebaki na pointi 56, moja tu zaidi ya Yanga.
• Azam ikitoka sare, ingefikisha pointi 57, na Yanga bado ingeweza kuipita.
• Azam ikishinda, ingefikisha pointi 59, ambazo Yanga isingeweza kuzifikia.

Azam ilishinda mabao 2-1 na kuwa bingwa kwa mara ya kwanza, huku ikiwa imebakiza mechi moja. Ilimaliza msimu bila kufungwa, ikiwa na pointi 62. Yanga ilimaliza na 56. Mbeya City, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, ilishika nafasi ya tatu kwa pointi 49.

Timu zinapolingana pointi

Timu mbili zikimaliza na pointi sawa, huhitajika kigezo kingine. Kinachotumika zaidi ni tofauti ya mabao, yaani mabao ya kufunga kutoa mabao ya kufungwa. Baadhi ya nchi, kama Hispania, hutazama kwanza matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe.

Msimu wa 2016/17 Simba na Yanga zilimaliza zikiwa na pointi 68 kila moja. Siku ya mwisho Yanga ilifungwa na Mbao bao 1-0 jijini Mwanza, lakini ilibaki bingwa kwa tofauti ya mabao.

Pointi za mezani

Si kila pointi hupatikana uwanjani. Timu ikimchezesha mchezaji asiyeruhusiwa, au isipofika uwanjani, mpinzani wake anaweza kupewa pointi 3 na mabao 3. Watu huziita pointi za mezani.

Katika msimu huo huo wa 2016/17 Simba ilifungwa na Kagera Sugar mabao 2-1 mjini Bukoba. Ikakata rufaa ikidai kuwa mchezaji mmoja wa Kagera Sugar alikuwa na kadi tatu za njano. Kamati iliyosikiliza kwanza iliipa Simba pointi 3, kisha kamati nyingine ya TFF ikautengua uamuzi huo. Kama pointi hizo zingebaki, Simba ingemaliza na 71, na tofauti ya mabao isingehitajika.

Njia ya mtoano

Kombe la Shirikisho la Tanzania, lililojulikana kwa jina la mdhamini wake kama Azam Sports Federation Cup, lilianza msimu wa 2015/16. Bingwa wake hupata nafasi katika Kombe la Shirikisho Afrika, na bingwa wa Ligi Kuu huenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika mtoano hakuna pointi. Anayefungwa hutoka, na mechi haiwezi kubaki sare: mshindi hutafutwa hata kwa penalti.

Lipuli ya Iringa ilionyesha tofauti hiyo mwaka 2019. Mwezi Machi iliifunga Yanga bao 1-0 katika ligi, kwenye Uwanja wa Samora. Yanga ilipoteza pointi 3 lakini iliendelea na mbio, ikamaliza ya pili kwa pointi 86 nyuma ya Simba yenye 93. Mwezi Mei timu hizo zilikutana tena Samora katika nusu fainali ya kombe. Lipuli ilishinda mabao 2-0, na safari ya Yanga katika kombe ikaishia hapo.

Fainali ilichezwa tarehe 1 Juni 2019 katika Uwanja wa Ilulu, Lindi. Azam iliifunga Lipuli bao 1-0. Katika ligi, kipigo kama hicho kingeigharimu Lipuli pointi 3. Siku hiyo kiliigharimu kombe lenyewe.