Mtungi mmoja wa gesi ni uniti ngapi za umeme?

MFUGAJI wa kuku anayetafuta joto la vifaranga, au mwokaji wa mikate anayetaka jiko jipya, hukutana na kikwazo kimoja akifika dukani. Umeme unauzwa kwa uniti, gesi ya mtungi kwa kilo, na gesi asilia ya bomba kwa vipimo vingine kabisa. Wengi huishia kufuata alichonunua jirani, na mtaji wa miezi kadhaa unakwama kwenye chombo kinachokula faida yote.

Njia ya kulinganisha ipo, na kikokotoo cha simu kinatosha. Kila nishati igeuzwe kuwa uniti.

Uniti moja inayosomwa kwenye mita ya Luku ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaoliwa na jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kuzimwa. Kwa kipimo cha joto, hiyo ni megajuli 3.6.

Gesi asilia, ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, ina takriban megajuli 38 katika kila mita moja ya ujazo. Ukigawanya kwa 3.6 unapata uniti 10 na nusu hivi. Katika mikataba mikubwa gesi hiyo huhesabiwa kwa BTU milioni moja, ambazo ni sawa na uniti 293.

Hapa ndipo hesabu za vijiweni huharibika. Uniti 293 za joto hazizai uniti 293 za umeme. Mtambo wa gesi wa kawaida, kama ule wa Kinyerezi I, hugeuza kama theluthi moja tu ya joto kuwa umeme, hivyo hutoka uniti 100 hivi. Kinyerezi II hutumia pia joto la moshi kuchemsha maji na kuzungusha mitambo ya mvuke, hivyo hukaribia nusu. Kinachobaki hupotea hewani, na kiasi kingine hupotea kwenye nyaya kabla umeme haujafika kwa mteja. Anayedai uniti ya umeme iuzwe kwa bei ya uniti ya gesi kwa kuwa gesi ni ya nyumbani, amesahau hasara hiyo.

Gesi ya mtungi ni kitu kingine. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na nyingi huingia nchini kwa meli. Kilo moja ina kama megajuli 46, karibu uniti 12.8. Mtungi wa kilo 15, basi, una uniti zipatazo 190.

Lakini mpishi hanunui joto la mtungi, ananunua joto linaloingia ndani ya sufuria. Jiko la gesi huingiza kama asilimia 55, na jingine hupita pembeni. Jiko zuri la umeme huingiza kama asilimia 75. Kwa hiyo mtungi huo hufanya kazi ya uniti 105 hivi, na jiko la umeme litahitaji uniti 140 kuifanya kazi hiyohiyo.

Mama lishe agawanye bei ya mtungi wa kilo 15 kwa 140. Tuseme, kwa mfano tu, mtungi ni shilingi 56,000: jibu ni 400. Uniti ikiwa chini ya shilingi 400, umeme ni nafuu. Ikizidi hapo, gesi inashinda.

Kwa mfugaji hesabu hubadilika. Ndani ya banda hakuna sufuria, na joto karibu lote la kichomea gesi hubaki kwa vifaranga, ilimradi hewa iingie ya kutosha. Taa ya umeme nayo hutoa joto lake lote bandani. Yeye agawanye kwa 190. Kwa bei ileile anapata shilingi 295 hivi, maana yake uniti ya shilingi 350 ni ghali kwa banda ingawa ni nafuu kwa jikoni. Umeme ukikatika usiku wa baridi, hasara ya vifaranga nayo ihesabiwe.

Hesabu zote hizi zinadhani mtungi umejaa. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye chuma chake. Uwekwe kwenye mizani dukani, uzito huo utolewe, na zibaki kilo 15 kamili. Kila kilo inayopungua ni uniti 12.8 zilizolipiwa bure.