Friji Iliyokataa Kuwaka Mchana



Oktoba, kabla mvua hazijaanza hapa Dodoma, umeme ulikatika kwangu adhuhuri ukarudi baada ya nusu saa. Taa ziliwaka, redio ikasema, lakini friji ilikaa kimya. Nyama ikaharibika. Usiku, ubaridi ulipoingia, friji ikawaka yenyewe! Kumbe kosa lilikuwa katika kisanduku kinachoilinda.

Kazi ya kisanduku hicho ni kuchelewesha umeme kama dakika tatu, ili shinikizo la gesi katika kompresa lishuke kwanza. Mota ikianza mapema huvuta umeme mwingi na yaweza kuungua. Katika changu, muda hupimwa na kichipu cha 555, alichokibuni Hans Camenzind mwaka 1971. Kichipu hicho hakihesabu dakika. Hungojea kapasita ijae umeme kupitia rezista, kama pipa linalojazwa kwa mpira mwembamba. Pipa likifika theluthi mbili, muda umekwisha. Zidisha omu za rezista kwa faradi za kapasita, kisha kwa 1.1, utapata sekunde. Megaomu 1.6 na mikrofaradi 100 ni sekunde 176.

Fundi wangu alipiga hesabu hiyo sawasawa. Alichokosea ni kapasita: elektrolitiki kuukuu, iliyong'olewa katika redio mbovu. Kapasita za namna hiyo huvuja, na joto huzidisha kuvuja. Kwa umeme wa volti 12, pipa likikaribia theluthi mbili, rezista ile hupitisha mikroampea 2.5 tu. Kapasita ikivuja kiasi hicho, pipa halijai mpaka kesho. Kuongeza ukubwa wa kapasita hakusaidii, maana kubwa huvuja zaidi.

Anayeng'ang'ania 555 anunue kapasita mpya ya tantalamu, ya volti 25. Mimi nilimwambia fundi aweke kichipu cha 4060, ambacho hurudia kipindi kifupi mara 8,192. Kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 0.1, ambayo karibu haivuji, na rezista ya kiloomu 100 hutoa dakika tatu na sekunde chache. Wala msilipie vipuri vya usahihi mkubwa. Friji haijali sekunde kumi. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi, mchana wa jua kali, na friji huwaka kwa wakati wake.