Ua la Usambara Lirudi Dirishani Kwetu

Mtu akiingia katika nyumba ya mzee wa Ulaya wakati wa baridi kali, hapana ajabu akakuta dirishani chungu kidogo chenye mmea mfupi. Majani yake ni ya duara, manene, yenye vinyweleo laini kama mahameli. Na katikati yake yamesimama maua ya rangi ya urujuani, kila moja likiwa na vijimboni viwili vya njano. Nje theluji inaanguka, na ua limechanua. Waingereza na Wamarekani huliita urujuani wa Afrika. Wajerumani, ambao wanajua zaidi lilikotoka, huliita urujuani wa Usambara.

Naam, ni Usambara hiyo hiyo ya Amani na Lushoto. Lakini ukizunguka nyumba za wafanyakazi wa miji yetu, utakuta juu ya televisheni maua ya plastiki yaliyosafiri kwa meli kutoka ng'ambo, yanayofutwa vumbi kila Jumamosi. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo kwa miaka mingi, kwa hiyo simcheki mtu.

Habari za safari ya ua hili zimeandikwa. Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtu aliyependa mimea. Aliliona ua hilo katika nchi ya Usambara akampelekea baba yake huko Ujerumani. Baba naye akamkabidhi Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliueleza mmea huo kitaalamu na kuupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wakazi wa milima ile, ambao bila shaka walikuwa wakipita kando ya maua hayo tangu enzi za mababu zao, hawakutajwa katika jina hilo. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza nasaba za mimea waliliingiza kundi zima katika jina pana zaidi la Streptocarpus, lakini wapenzi wengi wa maua wameng'ang'ania lile la zamani.

Kutoka Ujerumani mbegu zilienea. Katika miaka ya 1920 bustani moja ya biashara mjini Los Angeles iliotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua aina kumi zilizo bora na kuanza kuziuza. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili huko Marekani waliunda chama chao. Leo aina zilizozalishwa na watu zimepindukia maelfu: nyeupe, waridi, nyekundu, zenye petali maradufu, na nyingine ndogo kiasi cha kutosha ndani ya kikombe cha chai.

Mimi nililifahamu ua hili kwa jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Lushoto, ambaye baraza yake ilikuwa na makopo manane ya maua hayo. Nilimwomba moja, akanipa. Baada ya wiki tatu nilirudi kwake na kopo lenye majani yaliyolegea kama mchicha uliochemshwa.

"Umelifanyaje, mwanangu?" aliniuliza.

"Nimelimwagilia kila asubuhi, mama, kwa maji ya baridi ya jokofu, ili lisione joto la Dar es Salaam."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza jambo ambalo nimelihakikisha mara nyingi tangu siku ile: mmea huu hauuawi na kiu kwa wepesi unavyouawa na huruma ya mwenye nyumba. Huko kwao huota katika nyufa za miamba, penye kivuli cha miti mikubwa na unyevu wa hewa, na udongo wenyewe ni kiganja tu cha mboji. Mvua hunyesha, maji hupita, mizizi hubaki na hewa. Basi ukiuweka katika udongo mzito wa mfinyanzi na kuulowesha kila siku, mizizi huoza, na majani yakisinyaa wewe hudhani ni kiu, ukaongeza maji!

Udongo wake uwe mwepesi. Changanya mboji ya majani yaliyooza vizuri, mchanga ulioshwa usiwe na chumvi, na nyuzi za makumbi ya nazi zilizokatwakatwa.  Kopo liwe dogo, upana wake kama theluthi ya upana wa mmea, na litobolewe chini. Gusa udongo kwa kidole: ukiwa bado na unyevu, acha. Ukikauka kwa juu, weka kopo katika kisahani chenye maji yasiyo baridi, liachie linywe kwa nusu saa hivi, kisha umwage yaliyobaki. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika, na yakituama katika moyo wa mmea huuozesha.

Mwanga ndio unaoleta maua, lakini jua la adhuhuri huyaunguza majani. Dirisha linalopata jua laini la asubuhi ndilo bora. Vikonyo vikirefuka na kunyanyuka juu, mmea unatafuta mwanga. Majani yakipauka na kukunjamana katikati, mwanga umezidi. Mbolea ya chumvichumvi iwe hafifu sana, kwani ile inayokuza majani kupita kiasi hunyima maua. Ukiona wadudu weupe kama vipande vya pamba katika makwapa ya majani, waguse kwa pamba iliyochovywa katika spiriti.

Joto ndilo tatizo la watu wa pwani. Ua hili hustawi panapokuwa na nyuzi 18 hadi 27, kwa hiyo wa Arusha, Iringa na Nairobi wana nafuu kubwa. Wa Dar es Salaam na Mombasa wategemee chumba chenye upepo na kivuli, na mwezi wa Januari wasidai maua. Inatosha mmea ukivuka salama.

Sasa, msomaji, usipande basi kwenda kuling'oa msituni. Maua ya porini yako mahali pachache mno, katika milima kama Usambara na Uluguru. Aina moja hupatikana tu katika msitu wa Mbololo huko Taita, nchini Kenya. Mti mkubwa ukikatwa juu ya mwamba, jua huingia, unyevu hukauka, na maua yaliyokuwa chini yake hufa bila ya kuguswa na shoka. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na kutoa mmea humo bila kibali ni kosa.

Wala hapana haja ya kung'oa. Mwombe mwenye nao jani moja zima, lisilo changa wala kukongoka. Kata kikonyo mshazari, ubakize urefu wa sentimita 3, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu, na ufunike kopo kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga. Baada ya mwezi mmoja hivi litakuwa na mizizi. Baada ya miezi miwili au mitatu vitoto vitachomoza chini yake, na kila kimoja kitahitaji kopo lake.

Mama yule wa Lushoto alihama mtaani kwetu miaka mingi iliyopita. Jani alilonipa mara ya pili limezaa makopo yasiyopungua ishirini, nami nimebakiwa na matano. Mengine yako kwa majirani, na moja lipo ofisini kwetu, dirisha la mashariki, ambapo mhudumu amekataza mtu yeyote mwingine kulimwagilia.