Mfunze Mwanao Uraia Angali Nyumbani

Asubuhi moja nilikuwa ndani ya matatu pamoja na binti yangu wa miaka minane. Askari alitusimamisha kando ya barabara. Makanga aliruka chini, akamkabidhi noti iliyokunjwa, na safari ikaendelea. Abiria hawakusema neno. Ni binti yangu pekee aliyeuliza, tena kwa sauti iliyosikika hadi kiti cha nyuma: "Mama, kwani yule askari anauza nini?"

Watu waliangua kicheko. Mimi nilimfinya kidogo na kumwambia anyamaze. Jioni, nikimenya viazi, ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimempa somo la uraia, na lilikuwa somo baya: kwamba mambo kama hayo huonwa, huchekwa, kisha hunyamaziwa.

Wazazi wengi hudhani kwamba kufunza uraia ni kazi ya mwalimu. Ni kweli shule ina sehemu yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, uliutaja uraia miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anafaa kuupata. Lakini mtoto anaweza kukariri majina ya kaunti zote 47 bila kukosea, kisha arudi nyumbani amsikie baba akijigamba jinsi alivyotoa kitu kidogo ili apate cheti upesi. Je, mzazi mwenzangu, kati ya masomo hayo mawili, unadhani ni lipi litakalomkaa moyoni? Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sheria za nyumbani

Mtoto wa miaka sita au saba hataelewa Katiba ukimweleza kwa maneno makubwa. Anachoelewa ni sheria za nyumba. Keti na wanao mkubaliane juu ya sheria nne au tano: saa ya kuzima televisheni, zamu ya kuosha vyombo, kutochukua kitu cha mwenzako bila ruhusa. Ziandikeni kwenye karatasi mzibandike jikoni.

La muhimu ni kwamba sheria hizo ziwafunge hata wazazi. Ikiwa simu hairuhusiwi mezani, basi baba naye aiweke yake kando. Siku atakaposahau na mtoto akamkumbusha, asimkemee, bali aombe radhi. Mtoto atakuwa ameelewa, bila hotuba yoyote, kwamba hakuna aliye juu ya sheria.

Akishalielewa hilo, mwambie kwamba nchi nayo ina karatasi yake. Wakenya waliipigia kura Katiba yao tarehe 4 Agosti 2010, na ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huo huo. Msomee Kifungu cha 53, kinachomhusu yeye mwenyewe: haki ya kuwa na jina na uraia tangu azaliwapo, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao, matibabu na kulindwa dhidi ya dhuluma. Watoto hufurahi sana kugundua kwamba wametajwa katika kitabu cha wakubwa.

Somo la risiti

Mtoto wa miaka tisa au kumi anajua hesabu ya kutosha kuelewa ushuru. Mnunulie sabuni dukani kisha mpe risiti aisome. Ikiwa sabuni ni Sh116, basi Sh16 kati ya hizo ni ushuru wa VAT, ambao ni asilimia 16 ya bei ya mwenye duka. Hata yeye akitumia pesa alizopewa na nyanya yake kununua peremende, amelipa ushuru.

Kisha tembeeni mtaani mkaone kazi ya pesa hizo. Zahanati, chekechea, uzoaji taka na taa za barabarani ni jukumu la kaunti. Shule ya msingi na polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Mkikuta taa iliyozimika kwa miezi, msiishie kulalamika. Mwache mtoto aandike barua fupi kwa mwakilishi wa wadi, nawe uipeleke. Jibu lisipokuja, andikeni ya pili. Hilo nalo ni somo.

Kura ya maharagwe

Kuhusu uchaguzi, njia iliyotufaa sisi ni hii. Jumapili moja watoto walibishana: wengine walitaka twende bustani ya Uhuru Park, wengine makumbusho. Tulichukua mkebe, maharagwe na punje za mahindi. Harage lilikuwa kura ya bustani, punje kura ya makumbusho. Kila mmoja aliingia chumbani peke yake akatumbukiza kura yake, kisha tukazihesabu mbele ya wote. Makumbusho yalishinda kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Kifungua mimba wangu alinuna hadi tukafika kwenye lango la makumbusho. Nilimwacha anune, ila sikubadilisha matokeo. Kujua kushindwa ni somo gumu kuliko kupiga kura, na sisi Wakenya tulililipia ghali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakafurushwa makwao.

Ghasia zile zilikuwa na chanzo kingine pia, ambacho mara nyingi huanzia nyumbani. Mtoto hazaliwi akijua jirani ni wa kabila gani. Huokota dharau mezani, tunapomtaja mwenye duka au fundi kwa kabila lake badala ya jina. Hebu jichunguze wiki hii. Ukijisikia ukisema hivyo, jisahihishe mbele ya watoto.

Jibu nililomdai

Jioni ile ya viazi nilimwita binti yangu nikamwambia nilikosea kumnyamazisha. Nikamweleza kwamba kazi ya askari ni kulinda abiria, na kwamba pesa zile zilikuwa za kumfanya asiikague ile matatu. Kwa mujibu wa sheria ya hongo ya mwaka wa 2016, anayetoa na anayepokea wote wamekosa. "Kwa hivyo," nikamwambia, "alikuwa akiuza kitu kisicho chake. Ulikuwa usalama wetu sisi abiria."

Alifikiri kidogo. "Basi mbona hatukumwambia aurudishe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini tangu siku hiyo simfinyi tena anapouliza. Nawe, mzazi mpendwa, mwanao akikuuliza swali kama hilo mbele ya watu, usimnyamazishe. Mjibu, ingawa wengine watacheka.