Chembe ya Chuma na Maisha ya Watu

Sisi sote tumemwona fundi wa baiskeli akiinua gurudumu, akilizungusha kwa mkono, kisha akitega sikio. Likikwaruza, ajua kwamba gololi zimelika, naye hulifungua kabla halijamwangusha mtu. Mafundi wa helikopta nao wana kazi iyo hiyo. Lakini angani hakuna kando ya njia pa kusimama.

Helikopta huinuliwa na mapanga makubwa yazungukayo juu yake. Injini huzunguka mbio mno, mapanga huzunguka polepole. Kati yao limewekwa giaboksi, yaani sanduku la magurudumu yenye meno. Magurudumu hayo huzunguka juu ya beringi: pete mbili za chuma cha pua, na katikati yake gololi au vigogo vidogo vya chuma.

Beringi ikichoka, uso wake humeguka chembe chembe. Kwa sababu hiyo sumaku huwekwa katika njia ya mafuta ya giaboksi, ili zinase chembe zinazochukuliwa na mafuta. Tena, tangu miaka ya 1990, helikopta za Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya, zilianza kufungwa vyombo vya kupima mtetemo. Kila beringi ina mtetemo wake, kama vile kila ngoma ina mlio wake. Mlio ukibadilika, fundi hujua kwamba kuna ugonjwa.

Lakini ishara isipofahamika yafaa nini? Tarehe 25 Machi 2009, huko Scotland, sumaku ya helikopta moja iliyowachukua wafanyakazi wa visima vya mafuta vya baharini ilinasa chembe. Waliohusika hawakuelewana vema juu ya asili ya chembe ile, na sehemu iliyougua haikufunguliwa. Siku ya 1 Aprili, gurudumu moja la giaboksi lilivunjika, mapanga yakang'oka, na watu wote 16 wakafa.

Wazee walituusia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, ufa usioonekana utazibwaje? Tarehe 29 Aprili 2016, karibu na kisiwa cha Turøy, nchini Norwei, helikopta ya ukoo ule ule ilipoteza mapanga yake, wakafa watu 13. Safari hii ufa ulianzia katika kishimo kidogo mno, mahali vigogo vya beringi vinapopita, ukajipenyeza ndani ya chuma pasipo kumegua chembe za kutosha. Sumaku zilinyamaza, vipimo vya mtetemo navyo vilinyamaza.

Ndipo wakuu wa usafiri wa anga walipochukua njia nyingine. Waliamuru gurudumu la namna iliyopasuka liondolewe, muda wa kutumia vipande hivyo upunguzwe, na chembe zichunguzwe kwa ukali zaidi. Maana yake ni hii: kisichoweza kusema kwamba kimechoka, sharti kipumzishwe mapema.

Ninyi wanafunzi mnaotamani ufundi, shikeni neno hili. Chombo ni msaidizi tu wa sikio na jicho. Fundi mwema haoni haya kufungua sanduku lote kwa ajili ya chembe moja, wala hasemi "kumenyamaza, basi kuzima". Abiria hamwoni fundi huyo, wala hajui jina lake. Lakini hufika nyumbani salama kwa sababu yake.