Raba ya Fundi na F Iliyogeuka 7

Katika mkoba wa fundi mmoja wa Section 58, hapa Nakuru, mna bisibisi nne, chupa ndogo ya spiriti, flashi iliyofungwa uzi mwekundu, na raba. Raba ya kawaida ya mwanafunzi, nyeupe, imelika upande mmoja kama kipande cha sabuni. Niliiona siku nilipomsindikiza mpwa wangu kwake na kompyuta yenye umri wa siku tisa, na tangu hapo haijanitoka akilini.

Mpwa wangu huhariri video za harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari. Alidunduliza miezi mingi, akanunua kipande kimoja kimoja: prosesa, madabodi, kasha, na vijiti viwili vya RAM vya gigabaiti 8, kimoja Nairobi, cha pili papa hapa mjini pesa zilipopatikana. Lebo zilifanana hadi rangi. Akaunganisha mwenyewe, usiku, kwenye meza ya kulia chakula ya mama yake. Ikawaka. Kesho yake vituko vikaanza. Skrini ya buluu, kisha mashine yajizima na kujiwasha. Faili iliyobanwa yakataa kufunguka asubuhi, jioni yafunguka. Aliweka Windows upya mara tatu. Kwenye video moja, mstari wa kijani mwembamba kama uzi ulipita juu ya shavu la bibi harusi.

Fundi alisikiliza yote hayo bila kuuliza neno. Akachomoa kijiti kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akachukua raba. Alisugua meno yake ya dhahabu kwa kwenda upande mmoja, bila kurudi, kwa utaratibu wa mtu anayemkata mtoto mchanga kucha. Kijiti cha aina hii, DDR4, kina meno 288, nusu huku na nusu huku, na sidhani aliruka hata moja. Mabaki ya raba aliyaondoa kwa brashi ya rangi iliyokatwa fupi. Akapangusa kwa spiriti. Nilipoinama nipulize vumbi lililobaki kwenye sloti, alinizuia kwa kiganja.

"Usipulize kwa mdomo, mzee. Mate nayo ni maji."

Nilimuuliza kama sasa itapona. Akacheka.

"Raba hii huponya kompyuta za ofisi zilizokaa miaka sita kwenye vumbi letu. Hii ya dada huyu ni mpya, meno yake hayajapata hata nafasi ya kuchafuka. Hapa raba ni ya kumtuliza mwenye kompyuta. Akiona nimesugua, ananipa muda wa kuutafuta ugonjwa wenyewe."

Vumbi letu, kweli. Husemekana jina la Nakuru lenyewe Wamaasai walilitoa kwa vumbi, na mafundi hawalalamiki.

Flashi yenye uzi mwekundu ndiyo hospitali. Ndani yake mna Memtest86+, programu ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1994. Huiwashi kupitia Windows. Kompyuta huamka nayo moja kwa moja, ikaandika kwenye kila kona ya RAM, kisha ikarudi kusoma ilichoandika.

"Chukulia ni ndoo," fundi alisema. "Ndoo nyingi, kila moja imejaa ama ni tupu. Lakini zote zinavuja. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kupita akizijaza tena kabla maji hayajaisha."

Nilihesabu baadaye: gigabaiti 16 ni ndoo zaidi ya bilioni 137, na katika RAM ya kawaida hujazwa upya kila milisekunde 64. Baada ya hapo nilishangaa jinsi zinavyokosea mara chache.

Mashine iliwekwa kwenye majaribio saa kumi jioni. Mstari mwekundu wa kwanza ulitokea chai haijapoa. Fundi aliuwekea kidole. Iliandikwa FFFFFFFF, ikasomwa FFFFFFF7. Herufi saba za F ziko salama, ya nane imegeuka tarakimu 7. Kwa lugha ya ndoo, kila herufi ikiwa ndoo nne, kati ya ndoo 32 moja ilikutwa tupu. Na kompyuta haina habari. Inaichukua ile 7 na kuendelea na kazi, mara kwenye shavu la bibi harusi, mara katikati ya Windows yenyewe.

Kosa la ndoo moja limewahi kuonekana hata kwenye kura. Ubelgiji, katika uchaguzi wa Mei 2003, mgombea mmoja huko Schaerbeek alipewa na kompyuta kura nyingi kuliko zilizowezekana. Zilipohesabiwa tena zikapungua 4,096 kamili. Anza na 1, iongeze maradufu mara 12, utaifikia namba hiyo: ndoo moja tu iliyojaa bila kujazwa. Wataalamu hawakuona kosa katika programu, ikabaki dhana kwamba huenda chembe kutoka angani ndiyo iliyoigusa. Sisi Wakenya na uchaguzi tunajuana, kwa hiyo nitaishia hapo.

Fundi hakuwa na haja ya anga. Alitoa kijiti cha pili, akaacha cha kwanza peke yake kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, akaanza upya. Raundi nne, saa nyingi. Saa tatu usiku stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, jaribio likaanza tena kutoka sifuri. Kesho yake kijiti cha pili peke yake. Kisha sloti zikabadilishwa. Vyote vizima. Vikiwekwa pamoja, nyekundu.

"Hawa ni ndugu wa baba mmoja, si mapacha," alisema. "Lebo moja, tumbo tofauti."

Lebo zinasema 3200. Kasi hiyo huwashwa kwa kipengele kiitwacho XMP, kinachopandisha pia umeme kutoka volti 1.2 hadi 1.35, na mpwa wangu alikuwa amekiwasha kwa kufuata video ya intaneti. Fundi aliishusha hadi 2666. Usiku kucha, hakuna mstari hata mmoja.

Sasa nani alipe? Duka la hapa lilipima kijiti chake peke yake, kikafaulu. La Nairobi likasema vivyo hivyo kwa simu. Ameuziwa 3200 mara mbili, anatumia 2666, na hakuna aliyemdanganya. Fundi naye alitoza shilingi 500, kwa mikesha miwili. Nilipomwambia ni kidogo, alinijibu kwamba mteja hulipia kipande kipya kilichotiwa. Yeye hakutia kitu.

Jumamosi mpwa wangu aliifungua ile video. Mstari wa kijani bado upo. Uliingia faili ilipokuwa ikinakiliwa, ukahifadhiwa pamoja na shavu. Harusi tatu zilipitia kwenye mashine ile kabla ya kupimwa, na kadi za kamera alishazifuta. Nilimwacha akizitazama kwa mwendo wa polepole, fremu kwa fremu, daftari mkononi. Alikuwa hajamaliza hata kuingia kwa maharusi kanisani.