Turufu ni ya Wawili

Treni ya Tabora ni ya masaa mengi. Reli ilifika huko mwaka 1912, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Basi beba karata, tafuteni wapinzani wawili behewani, mcheze briji.

Wewe na mwenzio ni timu. Kwanza mnanadi, yaani kila mmoja anataja alichonacho bila kuonesha. Mkiahidi kushinda mizunguko 12 kati ya 13, hiyo ni slemu. Je, turufu iwe nini?

Tuseme una kopa 5 na shupaza 4. Mwenzio kopa 3, shupaza 4. Utang'ang'ania kopa, si ndizo nyingi kwako? Taratibu! Zote jumla ni 8, lakini kwa slemu mara nyingi shupaza ndiyo inalipa. Mkishawamaliza wapinzani turufu, kopa zako mbili za mwisho zinampa mwenzio nafasi ya kutupa karata zake mbovu. Shupaza za nne kwa nne haziwezi kumfanyia hivyo.

Kwa hiyo usiishie kunadi unachojivunia. Taja na shupaza zako. Ukizificha, slemu imeondoka, na lawama mtashuka nazo Tabora.